Kuchagua Chuo cha Shahada ya Kwanza Marekani kwa Anayelenga Udaktari wa Meno

Kila mwaka barua za vyuo zikianza kufika, maswali ni yale yale. Lazima nisome baiolojia? Nikianzia komyuniti koleji (chuo cha miaka miwili) nitakuwa nimejiharibia? Chuo chenye jina kubwa si ndicho kitakachonifungulia mlango? Majibu ya haraka: si lazima, hujiharibii ukifuata masharti, na jina la chuo halina uzito ambao watu wengi hudhani linao. Sababu zake utaziona kwenye hatua.

Tuwekane sawa kwanza. Nyumbani Tanzania, kijana anamaliza kidato cha sita na PCB yake (fizikia, kemia na baiolojia), anaingia Muhimbili, na baada ya miaka mitano ya masomo anaitwa daktari. Marekani njia hiyo haipo. Unasoma shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, ndipo unaomba shule ya meno, miaka minne mingine. Ukihitimu unapewa shahada ya udaktari wa meno, DDS au DMD kulingana na shule. Herufi zinatofautiana, leseni ni ileile. Katika mwongozo huu "chuo" ni pale pa shahada ya kwanza, na "shule ya meno" ni kule unakokwenda baadaye. Chuo hakitakufundisha kung'oa jino. Kazi yake ni kukupa masomo ya sharti, alama nzuri na barua za walimu, bila kukuachia deni litakalokuzuia kuendelea.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Transkripti yako ya sekondari (rekodi ya alama), pamoja na matokeo ya AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayosomwa sekondari) kama unayo.
- FAFSA iliyojazwa, yaani fomu ya kuomba msaada wa fedha wa serikali ya shirikisho. Wenye grini kadi na wakimbizi wanastahili sawa na raia. Mwenye viza ya F-1 (ya mwanafunzi) hastahili. Habari zake ziko karibu na mwisho.
- Barua ya msaada wa fedha kutoka kila chuo kilichokukubali, au makadirio kutoka kikokotoo cha gharama halisi ambacho vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho hulazimika kukiweka kwenye tovuti zao.
- Orodha ya shule za meno tano au sita, kuanzia zile za jimbo lako.
- Jedwali la kompyuta au daftari, safu moja kwa kila chuo.
- Kiasi, kwa dola, ambacho familia inaweza kulipa kila mwaka bila kukopa. Kaeni na wazazi mkipate. "Mungu atajalia" ni dua njema, lakini haiingii kwenye jedwali.

Hatua ya 1: Anza na shule ya meno, kisha rudi nyuma

Watu wengi huchagua chuo kwanza, wakaja kuangalia shule za meno mwaka wa tatu. Geuza.

Shule za meno za umma hupendelea wakazi wa jimbo lao, na ada ya mkazi huwa chini sana kuliko ya mgeni. Kwa hiyo swali la kwanza ni kama jimbo lenu lina shule ya meno ya umma. Familia iliyoko Kentucky ina bahati ambayo wengi hawaijui: University of Kentucky pale Lexington na University of Louisville zote zina shule za meno, na miji yote miwili imejaa Waswahili kutoka Kongo. Iowa ipo University of Iowa, Minnesota ipo University of Minnesota. Texas kuna za umma Houston, San Antonio, Dallas na El Paso. Kinyume chake, Vermont, New Hampshire na Dakota Kusini hazina hata moja. Baadhi ya majimbo ya namna hiyo yana mikataba na shule za majimbo mengine, kama Idaho ilivyo na Creighton University iliyoko Nebraska. Ukiwa huko, uliza mkataba ni upi na una nafasi ngapi.

*Angalizo:* Usihamie jimbo lingine kwa ajili ya chuo ukidhani utakuwa mkazi wa huko baada ya mwaka mmoja. Majimbo mengi hudai miezi 12 ya kuishi pale kwa sababu isiyo masomo, na mwanafunzi anayetegemea wazazi huhesabiwa mkazi wa mahali wazazi walipo. Unaweza kumaliza miaka minne Ohio na bado ukahesabiwa mtu wa Texas.

Hatua ya 2: Hakiki masomo ya sharti, somo kwa somo

Fungua tovuti ya kila shule ya meno kwenye orodha yako, andika inachotaka. Utakuta zinafanana kwa kiasi kikubwa (krediti ni kipimo cha ukubwa wa somo):

- Baiolojia na maabara: krediti 8 za semesta
- Kemia ya jumla na maabara: krediti 8
- Kemia ogania na maabara: krediti 8
- Fizikia na maabara: krediti 8
- Biokemia: krediti 3
- Uandishi wa Kiingereza: krediti 6

Juu ya hayo, nyingine huongeza anatomia, fiziolojia, mikrobiolojia au takwimu. Sasa chukua katalogi ya chuo unachokifikiria, utafute kila somo kwa jina na namba yake. Vitu vitatu huwakwaza watu hapa.

Cha kwanza ni mfumo wa kwota (robo ya mwaka). Vyuo vinavyogawa mwaka kwa kwota badala ya semesta vina krediti ndogo: krediti moja ya kwota ni theluthi mbili ya krediti ya semesta, kwa hiyo 8 za semesta ni 12 za kwota. Mtu anayesoma kwota mbili za kemia akidhani amemaliza, bado anadaiwa ya tatu.

Cha pili ni ruhusa ya kujiandikisha. Kuna vyuo ambako biokemia au anatomia hufunguliwa kwanza kwa wanaosomea kozi hiyo, na wewe unayesomea uchumi unasubiri mabaki. Uliza kabla hujalipa kitu.

Cha tatu ni maabara ya mtandaoni. Baadhi ya shule za meno hazikubali maabara isiyofanywa ana kwa ana, na nyingine hazikubali AP badala ya somo la sharti. Ukiwa na AP ya baiolojia, dawa ya kawaida ni kuchukua baiolojia ya ngazi ya juu zaidi chuoni.

Kuhusu kozi ya kusomea: chochote unachokiweza na kukipenda. Baiolojia ni rahisi kwa sababu masomo ya sharti tayari yamo ndani yake, basi. Mwenye shahada ya historia aliyekamilisha masharti anaruhusiwa kuomba sawa na mwingine.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka minane, si minne

Hapa ndipo sheria imebadilika, na ushauri wa kaka na dada waliotangulia umepitwa. Kwa sheria iliyosainiwa Julai 2025, wanaoanza kukopa kuanzia Julai 1, 2026 hawatapata tena mkopo wa serikali ya shirikisho uliokuwa ukifidia gharama yote ya shule za juu. Mwanafunzi wa shule ya kitaaluma kama ya meno ana kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mikopo ya wazazi nayo imewekewa kikomo: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na 65,000 kwa jumla.

Sasa tazama. Chukulia shule ya meno ambayo ada, vifaa, nyumba na chakula vinafika dola 90,000 kwa mwaka. Ni jambo la kawaida kwa shule binafsi, na ziko zinazozidi hapo. Serikali inakukopesha 50,000. Zinabaki 40,000 kila mwaka, 160,000 kwa miaka minne, za kutafutwa kwingine. Kwingine maana yake ni mkopo wa benki, na benki itataka mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo. Wazazi waliofika Marekani juzi mara nyingi hawana historia hiyo, na kama wamekwisha kudhamini mkopo wa shahada ya kwanza, ndiyo wamebanwa zaidi.

Kwa hiyo kwenye jedwali, andika gharama halisi ya kila chuo baada ya ruzuku na ufadhili, bila kuhesabu mikopo kama msaada. Barua nyingi za vyuo huchanganya mikopo na ruzuku kwenye orodha moja. Chukua kalamu uikate mikopo. Chuo cha dola 14,000 kwa mwaka na cha dola 38,000 vinatofautiana 96,000 kwa miaka minne. Fedha hizo ungezihitaji sana ukifika shule ya meno.

Hatua ya 4: Pima mahali utakapopata A, si mahali pa kujivunia kwenye harusi

Shule za meno hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AADSAS (shule za Texas zina wao, TMDSAS). Mfumo huo huhesabu upya alama zako zote na kutoa GPA (wastani wa alama, juu kabisa 4.0) ya jumla na GPA ya sayansi peke yake. Wanaoingia huwa na wastani wa karibu 3.6. Hakuna safu inayokuongezea pointi kwa sababu chuo chako ni maarufu. Kamati ya udahili ya shule ya meno inaweza kutambua kwamba chuo fulani ni kigumu, lakini ugumu huo hauibadilishi 3.1 kuwa 3.6.

Jambo linaloumiza zaidi: AADSAS haisamehi somo lililorudiwa. Umepata C kwenye kemia ogania ya krediti 4, ukarudia ukapata A. Transkripti ya chuo inaweza kuonyesha ile A pekee katika GPA. AADSAS inachukua zote mbili: krediti 8, wastani 3.0. Kila krediti uliyowahi kusoma, hata ile ya komyuniti koleji uliyochukua ukiwa bado sekondari, inaingia, na transkripti yake lazima itumwe.

Basi, kwa kila chuo tafuta majibu haya:

a) Darasa la kemia ya mwaka wa kwanza lina watu wangapi? Mia tatu si ajabu kwenye vyuo vikubwa vya umma. Si kosa, lakini utatafuta barua kutoka kwa mwalimu ambaye hakujui hata kwa sura.

b) Alama hutolewa kwa kulinganisha wanafunzi au kwa kiwango maalumu? Pale ambapo A zimewekewa idadi, unashindana na jirani yako.

c) Kuna mafunzo ya ziada ya bure na vikundi vya kujisomea vyenye kiongozi? Nenda ukaone kama viko wazi jioni, maana wengi wa watoto wetu hufanya kazi mchana.

d) Ufadhili unadai GPA gani ili usiondolewe? Ufadhili wa 3.5 kwa mwanafunzi wa sayansi unaweza kupotea mwaka wa kwanza tu.

*Angalizo:* Usichukue kemia, baiolojia na kalkulasi zote pamoja semesta ya kwanza huku ukifanya zamu ya usiku ghalani. Hii ndiyo sababu kubwa ya GPA kuanguka kwa vijana wetu, na akili haihusiki. Chuo cha bei nafuu kinachokuruhusu kufanya kazi saa 10 kwa wiki badala ya 35 ni chuo bora kwako, hata kama hakitajwi kwenye orodha yoyote.

Hatua ya 5: Piga simu ofisi ya ushauri wa fani za afya

Usiulize "Mna programu ya awali ya meno?" Wote watasema ndiyo. Uliza hivi:

1. Mwaka jana ni wanafunzi wangapi waliomba shule za meno, si za udaktari wa tiba, na wangapi walipata mara ya kwanza?
2. Je, kamati ya chuo huandika barua ya pamoja ya kumpendekeza mwanafunzi? Mwanafunzi anatakiwa awe na GPA gani ili aandikiwe?
3. Nani hasa anashauri wanafunzi wa meno, na ana wanafunzi wangapi?

Swali la pili linafichua mengi. Chuo kinaweza kujigamba kwamba asilimia 90 ya waombaji wake hukubaliwa, kumbe kamati inakataa kuwaandikia wote walio chini ya 3.5, na hao hawahesabiwi. Uliza walioanza mwaka wa kwanza wakiwa na nia ya meno walikuwa wangapi. Ofisi ikisitasita, umeshajibiwa.

Barua zenyewe: AADSAS hupokea hadi nne. Shule nyingi hutaka mbili za walimu wa sayansi waliokufundisha, na moja ya daktari wa meno hupendwa.

Hatua ya 6: Tazama kliniki zilizo karibu na chuo

Utahitaji saa za kukaa na daktari wa meno ukimtazama akifanya kazi. Saa 100 ni lengo zuri, ukizigawa kati ya daktari wa kawaida na bingwa mmoja au wawili. Chuo kilicho katikati ya mashamba ya mahindi, na huna gari, kitakufanya uzitafute zote likizo. Hesabu kliniki unazoweza kuzifikia kwa basi.

Usisahau vituo vya afya vya jamii vinavyohudumia wasio na bima. Vingi vina idara ya meno, na mahali penye wakimbizi, kijana anayejua Kiswahili hupokewa kwa mikono miwili. Ila ukiombwa kutafsiri maelezo ya matibabu, sema wazi kama hujafunzwa kazi hiyo. Kumpokea mgonjwa na kumwelekeza inatosha.

Hatua ya 7: Programu za pamoja, soma masharti madogo

Kuna vyuo vinavyokukubali shahada ya kwanza na shule ya meno kwa mkupuo, na vingine hupunguza mwaka. University of the Pacific ya California, Nova Southeastern ya Florida na Case Western Reserve ya Ohio zinajulikana kwa njia hizo. Ni nzuri kwa aliye na uhakika. Angalia mambo mawili tu: GPA na alama za DAT (mtihani wa kuomba shule ya meno) unazotakiwa kudumisha, na kama unaruhusiwa kuomba shule nyingine bila kupoteza nafasi. Kisha rudi Hatua ya 3, kwa sababu nyingi ni za binafsi na bei yake ni ya binafsi.

Hatua ya 8: Chora ratiba kabla ya kusaini

Mfano wa anayeanza Agosti 2026:

- Mwaka 1: kemia ya jumla, baiolojia, uandishi.
- Mwaka 2: kemia ogania, takwimu, saa za kliniki zianze.
- Mwaka 3: biokemia, fizikia, anatomia au fiziolojia.
- Mwanzo wa kiangazi 2029: DAT. Maombi yanaanza kutumwa Juni.
- Desemba 2029: majibu ya kwanza.
- Kiangazi 2030: shule ya meno.

DAT ina maswali ya baiolojia (40), kemia ya jumla (30) na kemia ogania (30), kisha uwezo wa kuona maumbo (90), kusoma kwa ufahamu (50) na hesabu (40). Fizikia haimo, ndiyo maana inaweza kusubiri mwaka wa tatu. Kama katalogi ya chuo hairuhusu kemia ogania iishe kabla ya mtihani huo, chuo hicho kitakugharimu mwaka mmoja zaidi. Jua pia kwamba tangu Machi 2025 alama za DAT zinatolewa kwa kipimo cha 200 hadi 600. Ukisoma ushauri unaosema "pata 20", huo ni wa kipimo cha zamani cha 1 hadi 30.

Sasa rudi kwenye jedwali. Futa vyuo vinavyokwama Hatua ya 2. Vilivyobaki, panga kwa gharama halisi. Kati ya viwili vya bei nafuu zaidi, chukua kile ambacho majibu ya Hatua ya 4 yalikuridhisha.

Mambo yakienda kombo

*Pesa zinatosha komyuniti koleji tu.* Nenda. Soma uandishi, takwimu na masomo ya jumla huko. Kama shule za meno kwenye orodha yako zinapendelea sayansi za chuo cha miaka minne, acha kemia ogania, biokemia na fizikia usome ukishahamia. Angalia pia kikomo: baadhi hazipokei zaidi ya krediti 60 kutoka huko. Pata kwa maandishi, kutoka chuo unakohamia, orodha ya masomo watakayoyatambua.

*Mwaka wa kwanza umetoka na 2.7.* Punguza mzigo semesta inayofuata kabla ya kufikiria kuhama. Ukiona C au D inakuja, kujitoa mapema kabla ya tarehe ya mwisho ni afadhali kuliko kurudia, kwa sababu ya hesabu ya AADSAS. Lakini uliza kwanza ofisi ya fedha kama msaada wako utaguswa.

*Chuo hakina mshauri wa meno.* Shule ya meno ya jimbo lenu ina ofisi ya udahili, na wengi hujibu barua pepe za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Watumie orodha ya masomo yako, waulize kama inatosha.

*Una viza ya F-1.* Ondoa kwenye orodha shule zote zinazotaka raia au wenye grini kadi pekee. Za umma nyingi zitaondoka. Zilizobaki, uliza kama zinadai uonyeshe fedha za mwaka mzima au za miaka yote minne kabla ya kupewa karatasi za viza. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama njia hii ipo kwako au uangalie Muhimbili, Nairobi au Makerere.

*Una shahada ya sayansi kutoka nyumbani.* AADSAS haihesabu GPA ya vyuo vya nje, na shule nyingi hutaka transkripti itathminiwe na taasisi kama WES, pamoja na masomo ya sharti yaliyosomwa Marekani au Kanada. Huhitaji shahada nyingine nzima. Uliza shule tatu ni krediti ngapi za hapa zinakubaliwa, kisha usome hizo tu.

*Tayari ni daktari wa meno wa nyumbani.* Umefungua mwongozo usio wako. Kuna programu za waliosomea nje, za miaka miwili hadi mitatu, na nyingi huombwa kupitia mfumo uitwao CAAPID. Anza na INBDE (mtihani wa taifa wa leseni ya meno) na tathmini ya transkripti, na usijiandikishe chuo chochote cha shahada ya kwanza.